Makaa Yana Haya

Nchi hii haimo ramanini, msijisumbue kuitafuta. Na ikitokea mkachungulia dirishani mkadhani mmeiona, fungeni dirisha, maana vumbi lake ni baya. Inaitwa Masizini. Ni nchi ya amani, utulivu na kikohozi, na wananchi wake wanaipenda kiasi kwamba hawawezi kuitaja bila kubanwa na kifua.

Nchi nyingine zilipewa dhahabu, nyingine mafuta, Masizini ikapewa makaa ya mawe, na ikaamua kushukuru kwa kila namna. Kule maendeleo yalipimwa kwa shuka. Shuka nyeupe ikianikwa asubuhi na kuanuliwa jioni imekuwa nyeusi, mwenye nyumba alijua kwamba uchumi umekua. Idara ya Takwimu ilikuwa na shuka yake rasmi juu ya paa la wizara, na kila mwisho wa mwaka Waziri wa Nishati na Moshi, Mheshimiwa Bamvua, aliianua mbele ya waandishi wa habari na kuikunjua. Ikiwa nyeusi tititi, watu walipiga makofi. Mwaka mmoja mvua ilizidi, shuka ikatakata, na wataalamu wa hali ya hewa wakafukuzwa kazi kwa kuhujumu uchumi.

"Nyumba isiyotoa moshi ni nyumba yenye njaa," alikuwa akisema Mheshimiwa Bamvua kila alipopata pumzi. "Je, nchi isiyotoa moshi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu, na wale walioweza walikuwa wanakohoa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Mwajabu binti Tendegu, injinia wa umeme, mjane, mtu wa maneno machache na miwani minene. Alizaliwa Mtitiriko, bonde lenye chemchemi moja tu, lakini chemchemi hiyo haikuwahi kukauka tangu watu wapewe midomo ya kunywea. Siku moja pale ofisini Mwajabu aliona michoro ya mtambo mpya wa makaa. Ulikuwa umechorwa juu ya Mtitiriko, na mrija wake mnene ulikuwa umechorwa ndani ya chemchemi. Mtambo ule ungeinywa yote kabla ya kufunga kinywa.

Aliandika waraka wenye hesabu zote, akaupeleka wizarani. Alijibiwa kwamba mwandiko wake ni mzuri sana.

Jioni ile, nyumbani kwake, alimwambia Pazi Kilindo kwamba atagombea urais.

Huyu Pazi alikuwa kijana aliyefanya kazi chini ya marehemu mumewe, na marehemu alipofariki akabaki kuwa mtu wa nyumbani. Mwajabu ndiye aliyemfundisha kusoma mita, ndiye aliyemwombea cheo, na hakuna sikukuu ambayo Pazi alikula kwingine. Hata wakati huo alikuwa na kipande cha chapati mdomoni.

"Urais, Dada Mwaja? Kwa nini usianze na ubunge?"

"Mbunge anaomba, Pazi. Mimi sitaki kuomba. Nataka kukataa."

Pazi akameza ile chapati, akafuta mkono kwa adabu, akamshika bega. "Basi mimi ni mtu wako. Kufa na kuzikana."

*

Tume ya Uchaguzi ilimpokea Mwajabu kwa heshima zote, ikampa kiti chenye mto, halafu ikaahirisha kikao ili itafakari. Mwenyekiti wake, Jaji mstaafu Mtawali, alikuwa mzee msomi ambaye hakuwa na ubaya wowote na wanawake. Alikuwa amewaoa kadhaa.

"Binti yangu," alisema walipokutana tena, "Katiba haikuzuii. Katiba inasema 'kila raia'. Tatizo letu ni hospitali."

"Hospitali gani, Mheshimiwa Jaji?"

"Zote. Kwa desturi, hospitali zinafunguliwa na mke wa Rais. Rais akiwa mwanamke, mke wa Rais ni nani? Na asipokuwepo, hospitali zitafunguliwa na nani? Huoni kwamba unataka kuwafungia wagonjwa nje?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni kuwaonea huruma wagonjwa. Mwajabu akasema kwamba hospitali inafunguliwa kwa ufunguo. Wajumbe wakaandika kwamba mgombea ana majibu ya mkato.

Redioni mambo yakawa hivyo hivyo. Mheshimiwa Bamvua, ambaye ndiye aliyesimamishwa na chama tawala, aliulizwa nchi ina makaa ya miaka mingapi. Mwajabu aliulizwa kama amepika kabla ya kutoka nyumbani, na kama amepika, amemwachia nani. Alipoeleza jinsi jua na maporomoko ya Masizini yanavyoweza kuwasha taa za nchi nzima bila kuchimba hata kijiko kimoja, mtangazaji alisikiliza kwa makini, kisha akawauliza wasikilizaji: sauti yake mnaionaje?

Wasikilizaji waliiona kubwa.

"Dada, punguza sauti," Pazi alimshauri wakitoka. Wakati huo alikuwa mkuu wa kampeni, na alikuwa ameanza kuvaa koti. "Ukweli wako ni mzuri, ila unausema kama unafukuza kuku. Mwanaume akipaza sauti anaitwa simba. Wewe wanakuita mgomvi. Sema taratibu. Tabasamu. Ukikasirika, hesabu vidole."

Mwajabu hakupenda, lakini alihesabu vidole. Alisema taratibu mjini, akasema taratibu migodini, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Na ajabu ni kwamba watu walianza kuja. Wanawake hasa, wale waliofua shuka zilezile kila siku kwa ajili ya uchumi. Huko Mtitiriko shangazi yake, Mwanahamba, mama wa miaka mingi na meno machache, aliuza mbuzi wake wa maziwa ili kukodi gari la vipaza sauti.

"Shangazi, mbuzi wa nini? Utakunywa nini?"

"Nitakunywa maji," alisema Mwanahamba. "Si ndiyo unayoyagombea?"

*

Sasa mjue kwamba Masizini kuna desturi kubwa kuliko Katiba, nayo ni Kuteremka. Kila anayetaka urais lazima, mbele ya watu wote, ateremke katika Shimo la Kwanza, lile lililochimbwa na mababu, atoke na jiwe la makaa kichwani na masizi usoni. Anayetoka na jiwe ndiye mgombea. Asiyetoka nalo hata angependwa namna gani si mgombea, ni mtu tu aliyekuja kutazama.

Na kuna desturi nyingine, ndogo kwa Kuteremka lakini kongwe zaidi: mwanamke haingii shimoni. Wazee wa migodi walikuwa wanaeleza sababu yake kwa sauti ya chini. Makaa yana haya. Yakimwona mwanamke ndani ya shimo yanaona aibu, yanarudi nyuma katika mwamba, na mgodi mzima unakauka. Kwamba makaa hayohayo yakishatoka yanabebwa na wanawake, yanapepetwa na wanawake, na yanapulizwa na wanawake jikoni mpaka macho yanavimba, hilo halikuwatatiza wazee. Shimoni makaa yana haya, jikoni hayana. Hata mwanaume, walisema, yuko hivyo hivyo.

"Nitateremka mwenyewe," Mwajabu alisema. "Mimi ni injinia. Nimeshuka mashimo ya nchi za watu na hakuna jiwe lililonikimbia."

Siku ya pili wachimbaji wakatangaza kwamba akikanyaga ngazi ya kwanza, wanagoma. Siku ya tatu Mheshimiwa Bamvua akaonekana katika televisheni akilia machozi meusi kwa ajili ya mababu. Siku ya nne Pazi akaenda kuzungumza na Tume, akarudi usiku uso unang'aa.

"Dada Mwaja, nimewapata! Wamekubali. Mwanaume anateremka kwa niaba yako. Anatoka na jiwe, anakukabidhi pale kwenye mstari wa chokaa, unaliweka kichwani, basi, umekuwa mgombea. Desturi imeheshimiwa na wewe umeheshimiwa."

"Na huyo mwanaume ni nani?"

Pazi akacheka. "Wewe nawe! Una mwanaume mwingine gani?"

Mwajabu alivua miwani, akaifuta. Kama angekataa, wangesema hataki mapatano. Angekubali, angekuwa amekubali kwamba makaa yana haya. Alifikiria mrija ule mnene katika michoro, na chemchemi.

"Ni jiwe tu, Dada," Pazi alisema. "Nashuka, napanda, nakupa. Mambo mengine utayapindua ukiwa Ikulu."

"Haya," alisema Mwajabu. "Angalia ngazi, zinateleza."

*

Siku ya Kuteremka uwanja ulijaa. Bendi ya Polisi ilikuwepo, watoto wa shule walikuwepo, na wazee wa migodi walikuwa wamevaa kofia zao za taa ingawa jua lilikuwa linawaka. Mheshimiwa Bamvua aliteremka kwanza, akatoka na jiwe lililokuwa limepakwa mafuta tangu jana yake, akashangiliwa na watumishi wa wizara yake, walioletwa kwa mabasi.

Kisha Jaji Mtawali akatangaza katika kipaza sauti: "Mgombea wa pili, kwa niaba!"

Pazi akavua koti, akaingia. Mwajabu akasimama kwenye mstari wa chokaa, na nyuma yake walisimama wanawake wa Mtitiriko, Mwanahamba akiwa mbele yao, wamekuja kwa miguu. Walingoja. Bendi ilipiga wimbo mmoja mara tatu kwa sababu ndio uliokuwa umefanyiwa mazoezi.

Pazi alipotoka, uso mweusi, jiwe kubwa kichwani, mishipa ya shingo imemtoka, uwanja uliripuka. Waliomjua na wasiomjua walipiga kelele. Wachimbaji walirusha kofia. Kwa kweli alipendeza. Masizi yanampendeza mwanaume mrefu. Akatembea mpaka kwenye mstari wa chokaa. Mwajabu akanyoosha mikono.

Pazi hakushusha jiwe.

"Dada Mwaja," alisema polepole, "ni zito hili. Litakuumiza."

"Nipe, Pazi."

"Unasikia wanavyoshangilia?"

"Nasikia. Nipe."

"Wananishangilia mimi," alisema Pazi. Na hakusema kwa majivuno, hapana. Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyekuwa akipapasa mfukoni kutafuta leso akagusa ufunguo wa nyumba asiyoijua. Akautazama uwanja. Akamtazama Mwajabu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba radhi, ila jiwe lilibaki pale pale. Kisha akamzunguka, taratibu, asije akamgusa, akapanda jukwaani.

Mwajabu alikuwa bado amenyoosha mikono. Alijua kwamba wakati ule ulikuwa wa kupiga kelele, kelele ya kuangusha kofia. Ikamjia sauti ya Pazi yuleyule: sema taratibu, tabasamu. Akajiambia kwamba sheria ipo, Tume ipo, Jaji ameona kwa macho yake. Akahesabu vidole.

"Aliyetoka na jiwe," alinguruma Jaji Mtawali katika kipaza sauti, "ndiye mgombea!"

"Ndugu wananchi," Pazi alisema alipopewa nafasi, na machozi yalikuwa yanachora mistari katika masizi yake, "dada yangu huyu ndiye aliyenituma. Sitamwangusha. Nitagombea kwa niaba yake! Nitashinda kwa niaba yake! Na Mungu akipenda, nitatawala kwa niaba yake!"

Kesho yake magazeti yalimsifu Mwajabu kwa wingi kuliko siku zote za kampeni. Moja liliandika: *Mwanamke wa mfano: anyang'anywa kwa adabu.*

*

Alikwenda mahakamani. Mahakama ilisema kwamba haiwezi kusikiliza shauri la mtu aliyeshindwa wakati mtu huyo hajashindwa, amewakilishwa. Alikwenda kwa Jaji Mtawali nyumbani. Jaji akamkaribisha chai.

"Binti yangu, na lile tatizo la hospitali limekwisha," alisema kwa furaha ya kweli. "Pazi ana mke."

Siku ya kura, katika karatasi, penye jina la Pazi Kilindo paliandikwa chini yake, kwa herufi nzuri: *kwa niaba ya Mwajabu binti Tendegu*. Wanawake wa Masizini walipanga foleni tangu alfajiri, wengine na watoto migongoni. Walimpigia kura Mwajabu kwa wingi usio na mfano, na Pazi akashinda.

Rais mpya hakusahau ahadi. Katika hotuba yake ya kwanza alitamka jina la Mwajabu mara nyingi kuliko jina la Mungu. "Dada yangu alisema makaa ni machafu," alisema. "Nami nasema, alisema kweli. Na kitu kichafu kinafanywaje? Kinatupwa? Mama zetu walitufundisha nini? Kitu kichafu kinaoshwa!"

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sera ya Makaa Safi. Makaa yote ya nchi yangeoshwa kwa maji na sabuni kabla ya kuchomwa. Ili uzoefu usipotee, Mheshimiwa Bamvua alibakishwa wizarani, ila jina la wizara likabadilishwa, ikawa Wizara ya Nishati na Usafi. Waandishi walimuuliza mbona makaa yakishaoshwa yanabaki meusi. Alifafanua kwamba weusi uliobaki ni wa asili, na serikali inaheshimu asili. Mwingine akauliza kama makaa hayataona haya kuoshwa na wanawake. Waziri akacheka kwa upole: mtoto ana haya na mama anayemwogesha?

Maana waoshaji walikuwa wanawake watupu. "Dada yangu aliahidi kazi kwa wanawake," alisema Rais. Na mtambo uliokuwa ujengwe Mtitiriko ukafutwa, kama dada alivyotaka, na Rais akashangiliwa sana. Mahali pake, kwa sababu palikuwa na maji mazuri yasiyokauka, pakajengwa Kituo cha Taifa cha Kuoshea.

Mwajabu alitumiwa barua ya uteuzi kuwa Mlezi wa Sabuni. Hakuijibu. Alichukua mkoba wake akapanda basi kwenda kwao.

*

Aliisikia chemchemi kabla hajaiona, lakini haikuwa sauti aliyoijua. Ilikuwa sauti ya mawe yakigongana ndani ya mabeseni. Wanawake wa Mtitiriko walikuwa wamejipanga ndani ya maji mpaka magotini, wamefunga kanga viunoni, wanasugua makaa kwa brashi, jiwe baada ya jiwe. Povu la kijivu lilikuwa linateremka polepole kuelekea mashamba. Samaki wadogo walikuwa juu ya maji, tumbo juu. Malori yalisubiri.

Katikati yao alikuwa shangazi yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Mwanahamba hakusimamisha brashi. "Umekonda. Usikanyage hapo, panateleza kwa sabuni."

"Shangazi, mnafanya nini?"

"Tunaosha makaa. Huoni?"

"Mnaiua chemchemi! Kwa mikono yenu wenyewe!"

Wanawake wawili watatu walimtazama, wakainama tena. Mmoja, binti mdogo wa jirani yao wa zamani, akasema bila kuinua uso, "Redio inasema ni wazo lako, Dada Mwajabu. Kila asubuhi wanakutaja. Tulidhani unajua."

"Si wazo langu. Mliniona. Mlikuwepo pale shimoni, mliona alivyoninyang'anya."

Hapo ndipo Mwanahamba alipoweka brashi. Akajinyoosha, mkono kiunoni, akamtazama mtoto wa kaka yake kwa macho yaliyojaa moshi.

"Tulikuwepo," alisema. "Nilikuwa nyuma yako, hata ungerudi hatua moja ungenikanyaga. Wachimbaji walikuwa wachache, Mwajabu. Waliobaki walikuwa watu wa mabasi, wamelipwa kushangilia. Sisi tulikuwa wengi. Nilikuwa nimeshajifunga kanga. Nasema moyoni, akipiga kelele tu, ukelele mmoja, tunamwangusha yule na jiwe lake. Nikangoja. Wewe umesimama umenyoosha mikono kama anayengoja kupewa mtoto wa watu. Nikakutazama usoni." Akajifuta povu mikononi. "Ulikuwa unatabasamu."

"Shangazi, waliniambia..."

"Najua walichokuambia. Sisi tukadhani mmepatana. Tukasema, wakubwa hao, wanajuana. Tukaenda zetu nyumbani."

Mwajabu aliweka mkoba chini. Akavua viatu. Akaingia majini na gauni lake la mjini, akashika beseni la kwanza lililokuwa karibu, akalivuta kwa nguvu, akalimwaga ukingoni. Akashika la pili. Mawe yaliporomoka kwa kishindo. Alikuwa analia, na alikuwa anapiga kelele, maneno yasiyo na mpangilio, jina la Pazi, jina la marehemu mumewe, na sauti ile kubwa ambayo nchi nzima ilikuwa imeikataa ikajaa bonde mpaka malori yakazima injini.

Wanawake walisimama na brashi mikononi. Baadhi walitazamana. Mmoja alisogea hatua moja kumwelekea, kisha akatazama beseni lake, akabaki alipo.

Msimamizi, kijana mwenye filimbi na fulana ya wizara, alikuja mbio juu ya ukingo. "Nini huko? Nani huyo anapiga kelele?"

Mwanahamba aliinama, akaokota brashi yake.

"Si kitu, baba," alisema. "Ni mgeni tu. Amechelewa."